Kabla fundi hajagusa bomba la gesi: namna ya kumpima, kuandika na kumuita mkaguzi

Mimi ni mchomeleaji wa mabomba. Karakana yangu iko Pasua, Moshi, na kazi nyingi ninazopata siku hizi ni za majiko ya gesi: shule za bweni, hosteli, hoteli za njia ya Marangu na Machame, na migahawa kadhaa ya Arusha. Tangu serikali ilipozitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, simu haziishi. Mkuu wa shule anapiga kuuliza bei. Mwenye hoteli anauliza nitamaliza kwa siku ngapi. Swali ninalolisubiri haliulizwi: wewe fundi umepimwa na nani, kwa kazi ipi, na lini?

Nawaandikia hao wanaopiga simu. Huhitaji kujua kuchomelea ili umkague mchomeleaji, ila unahitaji kujua cha kuuliza na cha kuangalia.

Mwaka 2017 niliitwa kwenye jiko la shule moja ya bweni, siku mbili baada ya mpishi kuungua. Alikuwa mama mtu mzima, ameamka alfajiri kuwasha jiko la uji. Alipowasha kiberiti moto haukutokea jikoni, ulitokea miguuni. Pindo la kanga liliungua, ndala zikayeyukia sakafuni, ngozi ya miguu hadi magotini ikatoka. Nyusi zake hazikuguswa kabisa. Aliyezoea gesi ya mitungi akiambiwa hivyo anaelewa mara moja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi kwenda kutokea dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajaza mfereji wa maji machafu na kutulia humo ikisubiri cheche. Hapo ilikuwa imevuja usiku kucha kwenye kona ya bomba chini ya sinki.

Nilifungua ile kona kwa mkono wangu. Uzi wa bomba, yaani yale meno ya kukazia, ulikuwa umezungushiwa katani na kupakwa rangi, kama tunavyofanya bomba la maji. Kwenye maji katani ni nzuri kwa sababu inalowa, inavimba na kuziba. Kwenye gesi hakuna cha kuilowesha: inakauka, inasinyaa na kuacha njia. Fundi aliyeifunga alikuwa na cheti cha ufundi bomba, tena cha halali, na kazi yake ya maji pale pale shuleni ilikuwa safi. Kosa halikuwa cheti kukosekana. Hakuna aliyeuliza kama cheti kile kinahusu gesi.

Mtu hupimwa kwa kazi anayoifanya

Jambo hili nililijifunzia kwenye ujenzi wa bomba la gesi asilia la Mtwara. Nilianza kwa kupiga grainda, nikapewa nafasi ya kuchomelea baada ya jaribio. Wale wasimamizi hawakutaka kuona makaratasi yangu. Walinipa vipande viwili vya bomba, wakaniambia niviunganishe, na mkaguzi akasimama pembeni mwanzo hadi mwisho. Kilipopoa walikikata vipande vyembamba kama mikanda, wakavikunja kwenye mashine hadi vikawa na umbo la U. Mkanda mmoja ulifunguka ufa, na ndani ya ufa kulikuwa na kitundu cha hewa kidogo kuliko punje ya ulezi. Nikarudishwa kwenye grainda. Nilipofaulu mara ya pili nilipewa namba, na kila jointi niliyochomelea ikaandikwa namba hiyo ubavuni. Miaka ikipita, mtu akitaka kujua jointi fulani ilishikwa na mkono wa nani, anasoma.

Baadaye nilisoma kwamba Marekani jambo hilo ni sharti la serikali kwa bomba zima la gesi, si kwa wachomeleaji peke yao. Kanuni ilitolewa 1999, na kampuni zikapewa hadi Oktoba 2002 kumaliza kuwapima watu wao wote. Kampuni inaorodhesha kazi moja moja zinazogusa usalama wa bomba, kisha kila mfanyakazi anapimwa kwa kila kazi atakayopewa. Aliyefaulu kufunga valvu hajafaulu kutafuta mvujo. Na kufaulu kuna sehemu mbili: aweze kuifanya kazi yenyewe, na aweze kutambua hali isiyo ya kawaida na kuchukua hatua. Asiyepimwa anaruhusiwa kugusa pale tu aliyepimwa anapomuelekeza na kumtazama kwa macho. Mchomeleaji aliyekaa miezi 6 bila kuchomelea kwa njia ile aliyopimiwa, haruhusiwi kuitumia tena kabla ya kupimwa upya. Na kampuni ikiwa na sababu ya kuamini kwamba mtu amechangia ajali, anapimwa tena kwa kazi ile.

Hili la mwisho linaniuma. Yule fundi wa katani aliendelea kufunga gesi majiko mengine, kwa sababu hakuna aliyemrudisha kwenye kipimo. Simlaumu peke yake. Angeonyeshwa, angejifunza.

Huku kwetu Kilimanjaro na Arusha bomba la gesi asilia halijafika. Lile la Mtwara, lililokamilika 2015, linaishia Dar es Salaam. Sisi tunatumia gesi ya mitungi, na jiko la taasisi huwa na mitungi ya kilo 38 iliyopangwa nje, ikaunganishwa kwenye bomba moja linaloingia ndani. Kwa hiyo hata mimi, pamoja na namba yangu ya Mtwara, nilipaswa kujifunza upya. Gesi asilia ni nyepesi, ikivuja inapanda juu. Ya mitungi inashuka. Fundi aliyezoea moja anaweza kuweka tundu la hewa mahali pasipofaa kwenye nyingine, tena kwa nia njema kabisa.

Mketishe fundi kabla ya kuzungumza bei

Mkaribishe chai, kisha muulize mambo manne, na usiyaulize kwa haraka.

Jiko la mwisho la gesi alilofunga liko wapi, na je, unaweza kwenda kuliona? Nenda kweli. Ukifika muombe mpishi, si bosi, akueleze kama kuna harufu asubuhi wanapofungua mlango. Mpishi hajifichi.

Uzi wa bomba atauziba kwa nini? Akitaja katani, au tepu nyembamba nyeupe ya bomba la maji, mshukuru na umalizie naye chai. Unataka kusikia kizibio kilichoandikwa kuwa ni cha gesi, au tepu nene ya gesi, ambayo mara nyingi ni ya njano.

Atajaribu bomba kwa nini, na kwa muda gani? Jibu hili linahitaji nafasi yake, nitalirudia.

La nne ndilo ninalolipenda zaidi. Mwambie: "Fundi, mpishi anakaanga vitunguu, harufu ya gesi inakuja, wewe uko hapa. Unafanya nini kwanza?" Kisha nyamaza. Anayejua atakwambia anazima majiko yaliyo karibu naye, anatoa watu, anafunga mitungi kule nje, anafungua milango, na hagusi swichi yoyote. Akikwambia atawasha feni ya kutolea moshi, huyo hajapimwa. Swichi ya feni inatoa cheche wakati wa kuwasha, na kuzima pia. Nimewahi kuwauliza mafundi wanne kwa siku moja katika hoteli moja, na wawili walikimbilia feni. Walikuwa watu wazuri wenye miaka kazini.

Akishajibu, muombe afunge jointi moja mbele yako juu ya meza, kabla ya mkataba. Mfundishaji wa chuo cha ufundi anaweza kuja kukusaidia kutazama ukimlipa nusu siku, na Moshi na Arusha vyuo hivyo vipo. Fundi anayekasirika kwa kuombwa hivyo amekueleza jambo muhimu kabla hujatoa shilingi. Na kijana wake anayembebea spana, saidia fundi, asiachwe peke yake na bomba wakati mkubwa ameenda dukani. Mkubwa akitoka, kazi inasimama.

Usiku mmoja na geji

Hapa ndipo mafundi wengi wanapowaharakisha wateja. Bomba likishafungwa wanafungua gesi, wanapaka povu la sabuni dakika tano, wanasema tayari. Povu ni kipimo kizuri na mimi hulitumia kila siku, lakini linaonyesha jointi unazoziona tu. Iliyopita ndani ya ukuta au juu ya dari haipakwi povu.

Bomba linapaswa kujaribiwa likiwa tupu, kabla gesi haijaingia, kwa hewa ya kompresa au kwa naitrojeni. Kamwe lisijaribiwe kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, hata kama iko karibu na kompresa iko mbali. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta au grisi ndani ya bomba inaweza kulipuka. Regulata, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi, na majiko yatenganishwe kwanza ili presha ya jaribio isiyaharibu. Presha ya jaribio iwe angalau mara moja na nusu ya presha ya kazi. Kwenye bomba linalofanya kazi kwa baa 1.5 (baa ni kizio cha presha), mimi hupandisha hadi baa 3, nafunga, naacha geji, yaani saa ya kupimia presha, imening'inia.

Mwenye jiko anapaswa kujua ujanja wa hali ya hewa hapa, maana unaweza kumdhulumu fundi mwema au kumpitisha mbaya. Mwezi wa saba Moshi mchana kunapata joto, alfajiri baridi inauma. Hewa ndani ya bomba inasinyaa ikipoa. Geji iliyosoma baa 3 saa 8 mchana kwenye nyuzi 30, inaweza kusoma 2.8 alfajiri kwenye nyuzi 15, na hakuna tundu lolote. Fundi mjanja naye anaweza kufanya kinyume: apandishe presha alfajiri, akuite uisome saa 7 bati likiwa limechemka, joto lifunike kilichovuja. Kwa hiyo soma saa ile ile. Mimi huanza saa 12 asubuhi jua halijagonga bati, na nasoma tena kesho yake saa 12. Piga picha geji mara zote mbili kwa simu yako, si ya fundi, picha ionyeshe saa. Ikiwa sindano imeshuka kwa kinachoonekana na ubaridi ni ule ule, kuna mahali panavuja. Patafutwe, parekebishwe, na usiku uanze upya. Ndiyo, unaongeza siku. Mpishi apike kwa kuni siku hiyo moja.

Baada ya hapo ndipo gesi iingie, na povu lipakwe kila jointi inayoonekana, ikiwemo ya mpira wa jiko. Povu likivimba hata kwa kiputo kimoja kinachokua polepole, hiyo ni gesi.

Daftari la jiko

Nunua kaunta buku, liandike "GESI" kwa juu, likae ofisini. Kwa kila aliyegusa bomba andika jina, kazi aliyoifanya, tarehe, na namna alivyopimwa kwa kazi hiyo: nani alimtazama, alifanya nini. Hayo ndiyo yale yale Wamarekani wanayodaiwa na serikali yao, na kumbukumbu za mtu aliyeacha kazi wanatakiwa wazitunze miaka 5. Chora pia bomba linapopita, hata kwa mkono, na vipimo kutoka kona ya ukuta. Bandika picha za geji.

Sisemi hivi kwa kupenda makaratasi. Tarehe 9 Septemba 2010, katika mji wa San Bruno, California, bomba la gesi la inchi 30 lililozikwa mwaka 1956 lilipasuka katikati ya nyumba za watu. Walikufa 8. Kumbukumbu za kampuni, PG&E, zilisema hapo pamelazwa bomba lisilo na mshono. Wachunguzi walipolichimbua walikuta lina mshono, na mshono haukuchomelewa hadi ndani. Miaka 54 karatasi ilisema uongo chini ya vitanda vya watu, na kufunga gesi kulichukua dakika 95. Mwaka 2015 wasimamizi wa jimbo waliitwisha kampuni adhabu ya dola bilioni 1.6. Niliposoma nilikumbuka zile namba zilizoandikwa ubavuni mwa jointi zangu, nikaelewa kwa nini yule mkaguzi alikuwa mkali juu ya rangi ya kuandikia.

Daftari linasaidia zaidi siku ya ukarabati. Mwaka 2018 huko Massachusetts, Marekani, mafundi walikuwa wanabadilisha bomba la zamani kwa hatua walizoandikiwa na ofisi. Karatasi haikutaja mrija mdogo uliokuwa bado umeshikamana na bomba la zamani, ule unaopima presha na kuiambia mitambo ifungue kiasi gani. Bomba la zamani lilipofungwa presha yake ikashuka, mitambo ikadhani mji umeishiwa gesi, ikafungua. Nyumba zikaanza kuwaka na kulipuka katika miji mitatu, na kijana mmoja wa miaka 18 alifariki. Wale mafundi walifanya kile kilichoandikwa. Ndiyo maana nasema fundi wa vigae au wa dari anayekuja jikoni kwako aonyeshwe mchoro na atie sahihi kwamba ameuona, kabla hajaweka patasi ukutani.

Wakaguzi wa serikali: nani anakagua nini

Watu wengi wanamuogopa mkaguzi kama anavyoogopwa askari wa barabarani. Mimi namtaka. Bila yeye, fundi anayefanya kazi sawasawa anashindwa bei na anayeparaza.

EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, husimamia biashara ya gesi ya kupikia, chini ya Sheria ya Petroli ya 2015. Ofisi yao ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Kwao unauliza kama kampuni inayokuletea mitungi ina leseni, na kwao unalalamika ukiletewa mtungi mbovu au wenye uzito pungufu. OSHA, wakala wa usalama na afya kazini uliopewa meno na sheria ya 2003, huangalia mahali pa kazi: jiko ni mahali pa kazi, mpishi ni mfanyakazi, na vyombo vya presha vinakaguliwa. Mkaguzi wao anaweza kukuandikia notisi ya kurekebisha, na akiona hatari kubwa anaweza kusimamisha kazi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hukagua kinga na tahadhari ya moto na kutoa cheti. Wao ndio watakaokuuliza mitungi iko wapi, milango inafunguka kuelekea wapi, vizimamoto vina tarehe gani.

Usisubiri waje. Andika barua, uombe ukaguzi kabla ya kuwasha jiko jipya, na ambatanisha nakala ya kurasa za daftari. Mkaguzi akikuta picha za geji na majina ya waliopimwa, anakagua kwa undani badala ya kuhoji mambo ya mwanzo. Akiandika kasoro, muulize kifungu gani, uandike, na mpe fundi nakala. Ukimkuta fundi anayerudia kosa la hatari jiko hadi jiko, peleka jina na picha za kazi yake OSHA. Najua tunaoneana haya. Huyo ni mtoto wa jirani, tumesali naye jumuiya moja. Mimi nilinyamaza 2017, na bado nayaona yale magoti.

Siku harufu itakapokuja

Ile harufu mbaya haitokani na gesi yenyewe. Imewekwa. Tarehe 18 Machi 1937, shule ya New London huko Texas ililipuka kwa gesi isiyo na harufu iliyojaa chini ya sakafu; walikufa karibu watu 300, wengi wao wanafunzi. Mwaka ule ule Texas ikaamuru gesi itiwe harufu, na ikapitisha sheria ya kuwasajili wahandisi. Kwa hiyo mpishi akikwambia "bosi, panatoa harufu," usimjibu kwamba ni mtungi unaelekea kuisha. Huenda ni kweli, lakini pakaguliwe kwanza.

Wafundishe wapishi wote, na mlinzi wa usiku pia, kwa vitendo: majiko yazimwe, swichi zisiguswe, simu isipigwe mle ndani, watu watoke, mitungi ifungwe nje kwa kuzungusha kulia, milango ifunguliwe hadi mwisho ili hewa ipite chini. Fanyeni zoezi hilo kila muhula, na tarehe iingie daftarini. Mwenye kufunga mitungi awe na jina lake ukutani, na wa akiba pia.

Mkiwa mbali na jengo ndipo mpige 114, Zimamoto. Tajeni mtaa, alama ya karibu, mitungi mingapi na ya kilo ngapi, na kama kuna mtu ndani. Mmoja asimame barabarani kuwaonyesha kona, mwingine afungue milango yote miwili ya geti, maana gari lao haliingii kwenye geti la nusu.